Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kusikiliza albamu zote za Guided by Voices kwa pamoja

Maswali haya tumeulizwa tena na tena tangu tuanze kuzipitia albamu za Guided by Voices, moja kila wiki, kuanzia ya kwanza. Mengine tuliulizana wenyewe. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine bila kurudia maneno.

## Mwanzo

1. Guided by Voices ni akina nani?

Ni bendi ya roki kutoka mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, iliyoanza mwaka 1983. Kiongozi wake, mwimbaji na mtunzi mkuu ni Robert Pollard, mzaliwa wa Dayton wa mwaka 1957, aliyekuwa mwalimu wa darasa la nne. Mchana alifundisha watoto; usiku na mwisho wa wiki alitunga na kurekodi nyimbo na marafiki zake. Wanamuziki wengi wamepita katika bendi hiyo. Pollard peke yake ndiye hajawahi kutoka.

Kwa muda mrefu hakuna aliyewasikiliza. Walijilipia albamu zao, wakachapisha nakala chache, na nyingi zikabaki mikononi mwa jamaa na marafiki. *Bee Thousand*, albamu iliyowatangaza, ilitoka 1994, Pollard akiwa na miaka 36. Kwa umri huo wanamuziki wengi wa roki huwa wameshaweka gitaa juu ya kabati. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaacha ualimu.

2. Wana albamu ngapi hasa?

Inategemea unahesabuje, na ubishi wa hesabu hii haujawahi kwisha kwetu. Ukianza na *Devil Between My Toes* ya 1987 na kuishia *Strut of Kings* ya 2024, ukihesabu albamu kamili za studio tu, unapata 39. Ukiongeza *Tonics & Twisted Chasers* ya 1996, iliyotolewa awali kwa wanachama wa klabu ya mashabiki pekee, zinakuwa 40. Kuna wanaotaka pia kuhesabu *King Shit & the Golden Boys*, mkusanyiko wa nyimbo zilizoachwa, uliotoka 1995 ndani ya kasha lililorudisha sokoni albamu za mwanzo.

Hadi hapo sisi tunahesabu 40. *Tonics* ina nyimbo nzuri mno kuachwa nje ya mlango kwa sababu tu ya namna ilivyouzwa. EP (rekodi fupi kuliko albamu), singo (wimbo uliotolewa peke yake) na mikusanyiko ni habari nyingine. Tazama swali la 18.

3. Kwa nini msikilize pamoja? Muziki si kila mtu na masikio yake?

Ni kweli, na kila mmoja wetu amezisikiliza peke yake kwanza. Lakini bendi yenye albamu arobaini humshinda mtu mmoja. Ukiwa peke yako utachagua tatu unazozipenda, utazizunguka miaka kumi, na zile nyingine zitabaki majina tu. Mimi nilikaa hivyo muda mrefu: *Bee Thousand*, *Alien Lanes*, *Isolation Drills*, basi. Nilikuwa naamini kwamba naijua bendi.

Tulipoanza kusikiliza pamoja niligundua kwamba karibu kila albamu ina mtu wake. Kuna mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye *Same Place the Fly Got Smashed* ndiyo albamu ya maisha yake. Hajali kabisa hizo tatu zangu. Alipoeleza kwa nini, akiimba vipande kwa sauti ya chini, nilirudi nyumbani nikaisikia kama mara ya kwanza. Muziki ulikuwa uleule niliouruka mara kadhaa. Nilichokikosa ni mtu wa kunionyesha mlango.

4. Sijawasikia kamwe. Nianze na ya kwanza kama ninyi?

Hapana. Sisi tunafuata mpangilio wa miaka kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunarudia. Mgeni kabisa aanze na *Bee Thousand*, aisikilize mara tatu kabla ya kutoa hukumu, kisha *Isolation Drills* ya 2001 ili asikie watu haohao wakiwa ndani ya studio kamili. Ukiisha kuwa na hizo mbili mkononi, ingia kwenye ratiba popote tulipofika.

Mara tatu nasema kwa makusudi. Mara ya kwanza utasikia mikwaruzo. Mara ya pili utasikia nyimbo. Mara ya tatu utajikuta unaimba kitu jikoni na hukumbuki umekitoa wapi.

## Namna tunavyosikiliza

5. Ratiba ikoje?

Albamu moja kwa wiki. Kila mtu anaisikiliza kwake siku za katikati ya wiki, angalau mara mbili, kisha Jumamosi jioni tunakutana na kuipiga yote kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuongea. Mazungumzo ni baadaye. Tulijaribu kuongea wimbo ukiwa unapigwa, ikashindikana: nyimbo zenyewe ni fupi kiasi kwamba ukimaliza sentensi moja umeshapoteza mbili.

Tulijaribu pia albamu mbili kwa wiki ili tumalize haraka. Ilikuwa kosa. Albamu za bendi hii zina nyimbo 15, 20, hata 32, na sikio lina kipimo chake.

6. Ni lazima kufuata mpangilio wa miaka?

Kwa kundi, ndiyo. Tulibishana sana mwanzoni. Wengine walitaka tuanze na albamu kubwa, ndogo zifuate. Waliotaka mpangilio walishinda, na leo hakuna anayejuta, maana kuna mambo ambayo hayasikiki vinginevyo. Ukitoka *Self-Inflicted Aerial Nostalgia* ya 1989 ukaingia *Same Place* ya 1990 kisha *Propeller* ya 1992, unamsikia mtu akiacha polepole kuiga bendi anazozipenda na kuanza kujisikiliza mwenyewe. Hakuna wimbo mmoja unaoonyesha badiliko hilo. Linasikika kati ya albamu na albamu.

7. Kuna sheria?

Zipo mbili. Ya kwanza: hakuna kuruka wimbo, hata ukiwa wa sekunde kumi na nane. Ya pili: kabla hatujaachana, kila wimbo uliosemwa vibaya lazima upate mtetezi mmoja. Si lazima awe anaupenda. Inatosha aeleze unafanya kazi gani pale ulipo. Sheria hiyo ya pili imetufundisha kuliko kitu kingine chochote. Kuna vipande ndani ya *Alien Lanes* ambavyo peke yake ni makombo, lakini ukiviondoa, wimbo mkubwa unaofuata unapoteza nusu ya nguvu zake, kwa sababu hakuna tena giza la kutokea.

## Sauti na utunzi

8. Rekodi zinasikika mbovu. Ni spika yangu?

Spika yako ni nzima. Albamu nyingi za kati ya 1992 na 1995 zilirekodiwa nyumbani, vyumba vya chini na gereji, kwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne. Mashine hiyo inaugawa mkanda wa kaseti ya kawaida katika njia nne: sauti ya mwimbaji njia moja, gitaa nyingine, dramu nyingine, na kadhalika. Njia zikijaa na bado unataka kuongeza kitu, unazichanganya kadhaa kuwa moja ili upate nafasi. Kila ukichanganya, sauti inafifia kidogo na mvumo wa mkanda unazidi. Kwa lugha ya wapenzi wa muziki mtindo huu unaitwa lofai.

Walioishi enzi za kaseti wanaijua sauti hiyo bila kuelezwa. Ni ile ya kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa, ile uliyokuwa unaizungusha kwa kalamu mkanda ukilegea. Kwa hiyo wenzetu wa umri fulani hawakupata taabu hata kidogo. Waliopata taabu ni vijana waliozoea muziki uliosafishwa.

Kuna ajali ambazo bendi iliamua kuziacha. Katika "Hardcore UFO's", wimbo unaofungua *Bee Thousand*, gitaa linapotea ghafla kisha linarudi. Katika "Ex-Supermodel" ya *Alien Lanes* kuna mtu anakoroma juu ya wimbo mzima. Mara ya kwanza unadhani faili imeharibika. Baada ya wiki kadhaa huwezi kuuwaza wimbo bila hilo koromo.

James Greer, aliyewahi kupiga besi katika bendi hiyo, aliandika kwamba gharama ya kurekodi *Alien Lanes*, ukitoa bia, ilikuwa kama dola kumi.

9. Mbona nyimbo ni fupi hivi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mgeni, na sababu yake naielewa. Sisi tumelelewa na dansi, ambapo mwimbaji akimaliza beti zake ndipo gitaa linapopewa nafasi, watu wanasimama, na wimbo unaanza kunoga dakika ya tano. Tumelelewa na taarabu, ambayo haina haraka na mtu. Halafu unakutana na "Game of Pricks", wimbo wenye kila kitu ambacho wimbo mkubwa unahitaji, na unaisha baada ya dakika moja na sekunde 33. "Hit" una sekunde 23. *Alien Lanes* yote ina nyimbo 28 katika dakika 41.

Pollard haoni sababu ya kurudia kiitikio mara nne kama mara moja kimetosha. Anafika penye utamu na kuondoka ungali unautaka. Msikilizaji anabaki na njaa, na njaa hiyo ndiyo inayomrudisha. Kuna jioni tulipiga "Game of Pricks" mara tano mfululizo, watu wazima, bila mtu kupendekeza. Ilikuwa ikiisha, mtu anarudisha.

Lakini msidhani kila wimbo ni mfupi. Kuanzia 1999 nyingi zinafika dakika tatu, na katika albamu za karibuni, hasa *Tremblers and Goggles by Rank* ya 2022, kuna nyimbo zinazobadilika njiani mara mbili tatu kabla ya kufika mwisho.

10. Mashairi yana maana gani?

Mara nyingi hayana maana moja unayoweza kuifunga kwenye karatasi. Pollard huunganisha maneno kama anavyounganisha picha: yeye pia ni msanii wa kolaji, anakata vipande vya majarida ya zamani na kuvibandika, na kazi hizo ndizo majalada ya albamu zake nyingi. Ukilitazama jalada kisha ukausikiliza wimbo utaona mkono ni uleule. Kuna roboti, marubani, wachawi, walimu, wanajeshi wa kuchezea, na mtoto wa Ohio ya miaka ya 1960 anayetazama yote hayo kupitia dirisha.

Ushauri wangu: usitafute fumbo la kufumbua. Sikiliza neno gani linamfanya aipandishe sauti. Katika "I Am a Scientist" mambo ni wazi zaidi. Hapo mtu anajieleza yeye ni nani na kwa nini anafanya kazi hii. Wengi wetu tuliingia kwa mlango huo.

11. Nimesikia habari za "P nne". Ni nini?

Pollard amesema mara nyingi kwamba roki nzuri ina mambo manne ambayo kwa Kiingereza yote yanaanza na P: pop, panki, progresivu na saikedeliki. Yaani tuni inayonasa, ukali usio na adabu, miundo iliyopindapinda, na ndoto. Tunaitumia kama kipimo cha mazungumzo. Ukiona albamu imekushinda, jiulize ni P gani imezidi.

## Vipindi vya bendi

12. Albamu nne za mwanzo tuziruke? Kila mtu anasema ni za kujifunzia.

Msiziruke. *Devil Between My Toes* na *Sandbox* za 1987 kweli zina alama za vidole za watu wengine, lakini "Captain's Dead" na "Long Distance Man" zingesimama popote. *Self-Inflicted Aerial Nostalgia* ina "Navigating Flood Regions".

Ile inayostahili wiki yake kamili ni *Same Place the Fly Got Smashed*. Ni masimulizi ya mtu anayeangamia kwa pombe, na ni albamu nzito. Anayejua kwamba bendi hii ilikuja kusifika kwa makreti ya bia jukwaani anaisikia kwa namna ya pekee. "Drinker's Peace" ni gitaa moja na sauti moja. Jioni ile hatukuzungumza sana, na hakuna aliyelazimisha mazungumzo.

13. Kwa nini *Propeller* inazungumzwa kama hadithi?

Kwa sababu ilikusudiwa kuwa ya mwisho. Kufikia 1992 walikuwa wamechoka na deni la kujichapishia, wala hakuna dalili kwamba kuna mtu anasikiliza. Wakatengeneza nakala 500 za santuri, na kila nakala wakaipa jalada lake la mkono: rangi, picha, maandishi, vibandiko. Hakuna mbili zinazofanana.

Albamu inafunguka kwa umati unaopaza sauti ukiita herufi za bendi, "G-B-V! G-B-V!" Umati huo haukuwapo. Ni wao wenyewe na marafiki zao, wakijipigia kelele ambazo hakuna mtu mwingine aliyewapigia. Miaka michache baadaye watu halisi, kumbi zikiwa zimejaa, waliita herufi hizohizo kwa namna ileile. Sijui sehemu nyingine katika muziki wa roki inayonigusa kama hiyo. Kila tukiisikiliza kuna mtu anajibu kwa kuita, na wiki hiyo tuliita wote.

Nakala za *Propeller* zilifika mikononi mwa watu nje ya Dayton, Scat Records, kampuni ya muziki ya Cleveland, ikawachukua, na bendi iliyokuwa inajizika ikawa ndiyo kwanza inazaliwa.

14. *Bee Thousand* au *Alien Lanes*?

Kundi letu limegawanyika katikati na sioni dalili ya suluhu. *Bee Thousand* ina nyimbo 20 na kila moja imekaa kama imetafutiwa mahali pake. "Echos Myron" ni furaha tupu. *Alien Lanes*, iliyotoka 1995 kupitia kampuni ya muziki ya Matador, ni kama kuzungusha kitafuta stesheni cha redio usiku: kila ukigusa unapata wimbo mwingine wa ajabu, na kabla hujaushika umeshapita. "Motor Away" imo humo.

Mimi niko upande wa *Alien Lanes*, kwa sababu ya mwanzo wake. "A Salty Salute" inaanza na besi pekee, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa baa mchana, halafu sauti inakukaribisha ndani.

15. Tobin Sprout ni nani na kwa nini anatajwa kila mara?

Ni mpiga gitaa na mtunzi wa pili wa bendi katika miaka ya dhahabu, na pia mchoraji. Nyimbo zake ni chache na laini: "Awful Bliss" katika *Bee Thousand* ina dakika moja na ushee, na ukimya unaoifuata ni sehemu yake. Pollard anakuja na wimbi, Sprout anakuja na maji yaliyotulia. Aliondoka baada ya *Under the Bushes Under the Stars* ya 1996, akarudi 2010.

Kwa wanaochanganya majina: Mitch Mitchell aliyepiga gitaa katika kikosi hicho si yule mpiga dramu wa Jimi Hendrix.

16. Kuanzia 1997 hadi 2004, je, waliuza utu wao?

Swali hili huja kwa hasira, na lina historia. Baada ya kikosi cha awali kuvunjika, Pollard alitengeneza *Mag Earwhig!* (1997) akiwa na wanamuziki wa bendi ya Cobra Verde ya Cleveland. Hapo ndipo alipoingia Doug Gillard, mpiga gitaa mwenye mkono safi, aliyekuja na wimbo wake "I Am a Tree". Kisha wakahamia lebo ya TVT, na *Do the Collapse* ya 1999 ikaongozwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars. Sauti ikasafishwa hadi ikang'aa. "Hold On Hope" iliwekewa hadi vinanda vya nyuzi, na kuna mashabiki ambao hawajaisamehe hadi leo.

Sisi tuliisikiliza kwa moyo mweupe, na maoni yetu ni haya. *Do the Collapse* ina nyimbo nzuri zilizovaa suti isiyo yao. "Teenage FBI" inapendeza hata ndani ya suti hiyo. *Isolation Drills*, iliyosimamiwa na Rob Schnapf, ni kitu kingine kabisa: pale usafi unamsaidia mwimbaji, kwa sababu alikuwa na huzuni ya kweli ya kuimba. Mwimbaji Elliott Smith anasikika kwenye kinanda humo. Kwa mtu aliyewahi kukaa peke yake ndani ya nyumba iliyokuwa na watu, albamu hiyo haihitaji maelezo.

*Universal Truths and Cycles* (2002), *Earthquake Glue* (2003) na *Half Smiles of the Decomposed* (2004) zilirudi Matador. Tuliyoipuuza zaidi kabla ya zoezi hili ni *Earthquake Glue*; sasa ina watetezi watatu. Bendi ikaaga tarehe 31 Desemba 2004 katika ukumbi wa Metro, Chicago, kwa onyesho la nyimbo zaidi ya sitini.

17. Walirudi lini, na hizi albamu za baadaye zinafaa kweli?

Walirudi mara mbili. Kikosi cha miaka ya tisini kilikusanyika 2010 kwa sherehe ya miaka 21 ya Matador huko Las Vegas, kikatoa albamu sita kati ya 2012 na 2014, tatu kati yake ndani ya 2012 pekee. Hizo sita zina nyimbo nzuri zilizotawanyika. *The Bears for Lunch* ndiyo tuliyokubaliana nayo wote. Nyingine zilihitaji kuchambuliwa kama mchele. Kikavunjika tena.

Mwaka 2016 Pollard alitoa *Please Be Honest* akipiga vyombo vyote mwenyewe, kisha akaunda kikosi kipya: Doug Gillard akarudi, pamoja na Kevin March kwenye dramu, Mark Shue kwenye besi na Bobby Bare Jr. kwenye gitaa. *August by Cake* ya 2017, yenye nyimbo 32, ilikuwa albamu ya mia moja ya Pollard ukijumlisha kazi zake zote.

Kutoka hapo wakawa hawashikiki: tatu 2019, tatu 2020, mbili 2021, mbili 2022, tatu 2023. *Warp and Woof* ilirekodiwa kwa sehemu safarini. *Styles We Paid For* ilitengenezwa wakati wa Uviko, kila mwanamuziki akirekodi kwake. *Earth Man Blues* ilijengwa kwa nyimbo zilizokuwa zimekataliwa zamani, na imesimama kuliko albamu nyingi zilizopangwa.

Je, zinafaa? Nilikuja na jibu la "baadhi" na nimelibadilisha. Kikosi hiki ndicho bora kwa upigaji katika historia yote ya bendi, na Pollard akiwa na zaidi ya miaka sitini anaimba vitu vigumu kuliko alivyoimba akiwa na thelathini. Tarehe 31 Desemba 2019, huko Los Angeles, walipiga nyimbo mia moja katika onyesho moja. Anza na *Space Gun* ya 2018. Mwaka ule waliitoa hiyo moja tu, na inasikika kama walijua.

## Mambo ya pembeni

18. EP, singo na yale masanduku ya *Suitcase* mnayafanyaje?

EP tunazipiga pamoja na albamu ya mwaka wake, hasa *The Grand Hour* ya 1993, yenye "Shocker in Gloomtown". Wimbo huo baadaye uliimbwa na The Breeders, bendi ya Kim Deal, ambaye naye ni mtu wa Dayton.

*Suitcase* ni jambo jingine. Pollard alikuwa akiweka kaseti zake ndani ya sanduku la safari. Mwaka 2000 alitoa nyimbo mia moja kutoka humo, kila moja ikiwa na jina la bendi ya kubuni. Yamefuata masanduku mengine matatu, 2005, 2009 na 2015, kila moja likiwa na mia. Hatuyapangii wiki. Mtu anachukua diski moja, anakuja na nyimbo tatu alizoziokota, anatuonyesha. Hiyo inatosha, na kila mara kuna kitu cha kushangaza.

19. Na albamu za Pollard nje ya bendi?

Ni nyingi kuliko za bendi, na tungeziingiza tusingemaliza. Isipokuwa mbili ambazo kundi liliziombea ruhusa: *Not in My Airforce* ya 1996 na *From a Compound Eye* ya 2006. Ya pili tuliiweka kwenye ile miaka ambayo bendi haikuwapo, kati ya swali la 16 na la 17, na ilijaza pengo vizuri.

20. Nimekosa wiki tatu. Nirudi nyuma au niungane mlipofika?

Ungana tulipofika. Ukianza kufukuza utachoka, na mtu aliyechoka hasikii. Zile ulizokosa muulize mtetezi wake. Kila albamu inaye, na atafurahi kuombwa.

21. Nimejaribu na bado siipendi. Ni vibaya?

Si vibaya. Dada mmoja alikuja kwa sababu ya mumewe, akakaa albamu tisa bila kuguswa na chochote. Ya kumi ilikuwa *Mag Earwhig!*, na "I Am a Tree" ilipoanza aliweka kikombe chini. Wapo pia walioondoka bila wimbo hata mmoja, tukaagana vizuri, na bado wanaalikwa.

Kitu kimoja tunakiomba: usiihukumu kwa orodha ya nyimbo bora uliyotengenezewa na programu ya simu. Orodha hizo zinatoa vito na kuacha udongo. Bendi hii imeishi kwenye udongo huo.

22. Albamu mpya ikitoka tukiwa katikati?

Imeshatokea, na kwa kasi yao itatokea tena. Tunasimamisha ratiba wiki hiyo, tunaisikiliza mpya siku inapotoka, kisha tunarudi tulipokuwa. Mara ya mwisho tulikuwa 1995, katikati ya *Alien Lanes*. Tuliruka karibu miaka thelathini mbele kwa jioni moja, na Jumamosi iliyofuata tukaanza upya na "A Salty Salute".